Siku Ngapi Tangu Tukio? Namna ya Kujua Lini Kipimo cha VVU Kinatoa Jibu la Mwisho

Mtu anayeketi mbele ya mshauri nasaha, iwe ni katika hospitali ya Mulago, katika zahanati ya mpakani Malaba au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, huwa na swali moja tu moyoni: nina virusi au sina? Swali hilo ni la haki, lakini kipimo cha kawaida hakilijibu moja kwa moja. Kipimo hujibu swali jingine, nalo ni hili: je, kufikia leo, damu ya mtu huyu ina alama ambazo mwili huziacha baada ya kukutana na virusi? Ikiwa maambukizi yaliingia mwaka jana, maswali hayo mawili yana jibu moja. Ikiwa yaliingia wiki mbili zilizopita, yanaweza kuwa na majibu tofauti kabisa, na mtu akatoka kituoni na karatasi yenye majibu hasi ilhali virusi vimo mwilini mwake na vinaongezeka.

Muda huo, kati ya siku virusi vinapoingia na siku kipimo kinapoweza kuvigundua, huitwa kipindi cha dirisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukihesabu mwenyewe kwa kalenda, namna ya kuuliza maswali yanayofaa kituoni, na namna ya kujua kama majibu uliyonayo mkononi ni ya mwisho au ni ya muda.

Yanayotokea mwilini

Virusi vinapoingia haviendi kwenye damu papo hapo. Kwa takriban siku kumi za mwanzo huzaliana katika tishu za mahali vilipoingilia na katika matezi ya karibu, na katika siku hizo hakuna kipimo chochote duniani, hata kile cha bei kubwa kuliko vyote, kinachoweza kuviona katika damu. Baada ya hapo chembe za urithi za virusi, yaani RNA, huanza kuonekana. Takriban wiki moja baadaye huonekana antijeni iitwayo p24, ambayo ni protini ya virusi vyenyewe. Kingamwili, ambazo ni askari wanaotengenezwa na mwili wenyewe, hufuata kuanzia wiki ya tatu hivi kwa baadhi ya watu, na kwa wengine huchelewa zaidi.

Mfuatano huo ndio unaoeleza kwa nini hakuna kipindi kimoja cha dirisha kwa vipimo vyote. Kipimo kinachotafuta RNA katika maabara kwa kawaida hugundua maambukizi kati ya siku ya 10 na ya 33 baada ya tukio. Kipimo cha maabara kinachotumia damu ya mshipa na kutafuta p24 pamoja na kingamwili, ambacho wataalamu hukiita cha kizazi cha nne, hugundua kati ya siku ya 18 na ya 45. Vipimo vya haraka vinavyotafuta kingamwili pekee, kwa damu ya kidole au kwa majimaji ya fizi, hugundua kati ya siku ya 23 na ya 90. Namba ya kwanza katika kila jozi ni siku ambayo kipimo kinaweza kuanza kugundua kwa baadhi ya watu, na namba ya pili ni siku ambayo karibu kila aliyeambukizwa atakuwa amegundulika. Ni kosa la kawaida kushika namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Anayesema kwamba kipimo cha kidole kinaona virusi baada ya wiki tatu hajasema uongo, lakini amesema nusu tu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu mtu mwenye wasiwasi.

Yapo pia maneno ya zamani yanayomtaka mtu asubiri miezi sita. Maneno hayo yalikuwa na msingi wake wakati vipimo vilikuwa dhaifu zaidi kuliko vya leo. Kwa vipimo vinavyotumika sasa, miezi mitatu inatosha kwa mtu ambaye hakutumia dawa za kinga, na hakuna sababu ya kumwongezea mtu miezi mitatu mingine ya kukosa usingizi.

Anza na tarehe, kisha uulize kipimo

Kabla ya kwenda kupima, andika mahali pa siri tarehe ya tukio la mwisho ambalo lingeweza kukuletea maambukizi. Tukio hapa maana yake ni ngono bila kondomu au kwa kondomu iliyopasuka na mtu ambaye hujui hali yake, kuchangia sindano, au kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu mwingine. Kula sahani moja, kutumia choo kimoja, kuumwa na mbu au kumuuguza mgonjwa si matukio, na siku zake hazihesabiwi.

Neno lenye uzito katika maelekezo hayo ni "la mwisho". Watu wengi huhesabu kutoka siku wanayoikumbuka kwa hofu zaidi, kwa mfano usiku ule wa sherehe, na kusahau kwamba baada yake kulikuwa na matukio mengine matatu yasiyo na hofu kwa sababu yalikuwa na mtu wanayemzoea. Dirisha huhesabiwa kutoka tukio la karibuni zaidi. Kwa hiyo mtu ambaye ana mwenza asiyejulikana hali yake, na ambaye hatumii kondomu, hana siku ya 90 ya kuisubiri, kwa kuwa kila wiki dirisha hufunguka upya. Mtu wa namna hiyo hafaidiki na hesabu ya siku. Kinachomfaa ni ratiba ya kupima kila baada ya miezi mitatu, kumleta mwenza wake apimwe, na kuzungumza na mhudumu kuhusu PrEP, yaani dawa ya kinga inayotumiwa kabla ya tukio. Madereva wa malori wanaopita Malaba, Busia na Elegu, na wafanyabiashara wanaolala nje ya nyumba zao nusu ya mwezi, mara nyingi wamo katika kundi hili bila wao wenyewe kujiona hivyo.

Ukiwa na tarehe, uliza kipimo. Katika vituo vingi vya serikali nchini Uganda, kipimo cha kwanza anachokutana nacho mtu mzima ni cha haraka, cha damu ya kidole, kinachotafuta kingamwili pekee. Katika mfuatano uliotumika nchini kwa miaka kadhaa, kipimo cha Determine ndicho kilichoanza, Stat-Pak ikafuata kuthibitisha pale cha kwanza kilipoonyesha virusi, na SD Bioline ikaamua pale viwili hivyo vilipotofautiana. Baadhi ya maabara za binafsi mjini Kampala hupima kwa mashine za kizazi cha nne kwa malipo. Vipimo vya RNA vipo pia, lakini katika mfumo wa umma hutumika zaidi kwa watoto wachanga na kwa kupima wingi wa virusi kwa watu walio tayari kwenye dawa, wala si kwa mtu mzima anayetaka kujua hali yake kwa mara ya kwanza.

Swali la kumwuliza mhudumu ni fupi, nalo halimkosei heshima: "Samahani daktari, kipimo hiki kinatafuta kingamwili pekee au kinatafuta na p24?" Ukijibiwa kingamwili pekee, au ukikosa jibu la uhakika, chukua siku 90. Ukijibiwa kwamba ni damu ya mshipa katika mashine ya kizazi cha nne, chukua siku 45. Zipo kaseti, yaani vibao vidogo vya kupimia, za haraka za kidole zinazodai kutafuta p24 pia, lakini kwa hizo bado ni busara kushika siku 90, kwa sababu tone la kidole halina uwezo sawa na damu ya mshipa iliyochakatwa maabara.

Tuchukue mfano wa mtu ambaye tukio lake la mwisho lilikuwa usiku wa tarehe 10 Machi, bila dawa yoyote ya kinga. Siku 45 zinatimia tarehe 24 Aprili, na siku 90 zinatimia tarehe 8 Juni. Akipimwa kwa damu ya kidole tarehe 30 Machi na kupata majibu hasi, karatasi hiyo inaeleza vizuri maisha yake hadi mwishoni mwa Desemba mwaka uliotangulia, na kuhusu usiku ule wa Machi inasema kidogo mno. Akipata majibu hasi kwa mashine ya kizazi cha nne tarehe 25 Aprili, anaweza kuyachukulia kwa uzito mkubwa sana, na akirudia kwa kidole tarehe 8 Juni au baadaye, na kati ya hapo hapakuwa na tukio jingine, jambo hilo limekwisha.

Je, basi mtu akae nyumbani hadi siku ya 90 ndipo aende? Hapana. Apimwe leo, kisha apimwe tena dirisha linapofungwa. Kipimo cha leo hakihusu tukio la juzi bali miaka yote iliyolitangulia, na si ajabu mtu aliyekuja kwa hofu ya juzi kugundua kwamba virusi alikuwa navyo tangu zamani. Utafiti wa kitaifa wa UPHIA wa 2016 hadi 2017 ulikuta kwamba watu 6.2 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 nchini walikuwa wakiishi na VVU. Katika siku hizo za kusubiri, kondomu itumike kila mara, hata na mwenza wa nyumbani, kwa sababu ambayo inafuata.

Homa ambayo si malaria

Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, watu wengi hupata homa, maumivu ya koo, matezi ya shingo kuvimba, vipele vya ngozi au uchovu mwingi, na baada ya siku chache hali hiyo huisha yenyewe. Katika nchi ambako kila homa huitwa malaria hadi ithibitishwe vinginevyo, mtu hununua dawa ya malaria dukani, homa inapungua kama ambavyo ingepungua bila dawa, na dawa hupewa sifa isiyoistahili. Siku hizo ndizo ambazo damu hubeba virusi kwa wingi usio wa kawaida, wakati kipimo cha kidole bado kinaweza kusema hapana. Watafiti wa Rakai, wilaya ambayo ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1982 katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, walichapisha mwaka 2005 matokeo yaliyoonyesha kwamba uwezekano wa kumwambukiza mwenza kwa tendo moja ni mkubwa zaidi katika miezi michache ya mwanzo kuliko katika miaka mingi inayofuata. Karatasi ya majibu hasi iliyotolewa katika wiki hizo, ikitumiwa kama kibali cha kuacha kondomu, inaweza kuleta madhara makubwa kuliko kutopima kabisa.

Kinyume chake pia ni kweli: dalili hazitoshi kuthibitisha jambo. Koo linauma kwa sababu nyingi, na hofu yenyewe huleta jasho la usiku na kukosa hamu ya kula. Mtu mwenye homa baada ya tukio apimwe malaria, amweleze mhudumu wazi kwamba kulikuwa na tukio na tarehe yake, kisha afuate kalenda ileile.

Saa 72 na dawa zinazosogeza dirisha

Ikiwa saa 72 hazijapita tangu tukio, usianze na kuhesabu dirisha. Nenda kituoni sasa, hata kama ni usiku, ukaulize PEP, ambayo ni dawa ya kinga baada ya tukio. Humezwa kila siku kwa siku 28, na jinsi inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi. Kwa yule mtu wa tarehe 10 Machi usiku, mlango huo unafungwa tarehe 13 Machi saa ileile. Mtu aliyebakwa, mhudumu aliyechomwa sindano na mtu aliyepasukiwa na kondomu wote wanahusika.

Mtu aliyetumia PEP hawezi kutumia hesabu ya kawaida ya dirisha. Dawa ikiwa imezuia virusi, basi hakuna kitu. Lakini ikiwa imevipunguza tu bila kuvimaliza, mwili huchelewa kutengeneza kingamwili, na kipimo huchelewa pamoja nao. Vituo humpa mtu ratiba ya kurudi, na ratiba hiyo ifuatwe bila kuruka hata siku moja. Mahali ambapo kuna vipimo vya kingamwili pekee, hesabu ya tahadhari ni miezi mitatu kuanzia kidonge cha mwisho, wala si kuanzia tukio. Aliyeanza PEP tarehe 12 Machi humeza cha mwisho tarehe 8 Aprili, na siku 90 kutoka hapo zinamfikisha tarehe 7 Julai. Ni karibu mwezi mzima zaidi ya mwenzake ambaye hakumeza dawa, na watu wengi hawaambiwi hivyo kwa uwazi.

PrEP, ambayo humezwa au hudungwa kabla ya tukio, ina tabia hiyohiyo. Kwa mtumiaji wake, kingamwili huweza kuchelewa au kuonekana kwa udhaifu, hasa kwa sindano za muda mrefu kama cabotegravir, na ndiyo maana hupimwa kila anapokwenda kuchukua dawa, tena na mhudumu anayejua kwamba yuko kwenye PrEP. Mtu wa PrEP anayejipima kimyakimya nyumbani kwa kipimo cha fizi na kuridhika amejinyima nusu ya kinga yake.

Kundi la tatu ni watu waliokwisha kuanza dawa za kufubaza virusi. Hutokea mtu akaombewa, au akapewa mitishamba, kisha akaenda kupimwa upya mahali pasipomjua na kuambiwa hana kitu. Dawa zikitumika vizuri, kiasi cha kingamwili huweza kushuka, hasa kwa wale walioanza mapema sana, na kipimo, hasa cha fizi, kikakosea. Mtu huyo hajapona. Akiacha dawa, virusi hurudi ndani ya wiki chache. Kwa aliye kwenye dawa, kipimo chenye maana ni kile cha wingi wa virusi.

Kipimo cha kujipima nyumbani

Kipimo cha fizi kijulikanacho kama OraQuick kinapatikana nchini kupitia baadhi ya vituo na maduka ya dawa. Kinatafuta kingamwili, kwa hiyo dirisha lake ni miezi mitatu. Usile wala usinywe kitu kwa dakika 15 kabla ya kukitumia, na usitumie dawa ya meno wala ya kusukutulia kwa dakika 30. Pitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye ufizi wa chini, kitie ndani ya kichupa chenye maji yake, ukisome baada ya dakika 20 lakini si baada ya dakika 40. Mistari miwili, hata kama mmoja umefifia kiasi cha kukufanya utafute mwanga wa dirishani, maana yake ni kwamba unahitaji kwenda kituoni kupimwa upya kwa damu. Bila mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, kipimo kimeharibika na hakina jibu lolote. Mstari unaojitokeza asubuhi kwenye kipimo kilichosahaulika mezani usiku kucha usisomwe kabisa.

Majibu chanya nayo yana hatua zake

Dirisha linahusu majibu hasi. Majibu chanya yana tatizo lake jingine, na hesabu kidogo inalieleza vizuri kuliko maneno. Tuchukulie kipimo kinachokosea mara moja tu katika kila watu 100 wasio na virusi, na tuwapime watu 1,000 ambao kati yao 10 ndio wenye virusi. Kipimo kitawagundua wale 10, lakini kitawasingizia pia watu karibu 10 kati ya 990 waliobaki. Nusu ya waliotajwa hawana kitu. Ukiwapima wote hao 20 kwa kipimo cha pili cha aina tofauti, karibu wote waliosingiziwa wataondoka. Kwa sababu hii hakuna mtu anayepaswa kutangaziwa kuwa ana VVU kwa kipimo kimoja, na kwa sababu hiyohiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba vipimo vitatu mfululizo vikubaliane kabla ya kutoa jibu hilo. Kadiri idadi ya watu wenye virusi katika jamii inavyopungua, ndivyo uthibitisho unavyozidi kuwa wa lazima.

Vipimo vikitofautiana, majibu huandikwa kuwa hayajathibitika, na mtu huambiwa arudi baada ya siku 14. Siku hizo ni ngumu, lakini zina maana: aliyeambukizwa karibuni atakuwa ameongeza kingamwili, na kipimo cha pili kitakubali, asiyeambukizwa atabaki vilevile au atarudi kuwa hasi. Wakati wa kusubiri mtu ajichukulie kama anayeweza kuambukiza, bila kujihukumu kuwa ameambukizwa.

Wapo pia watu ambao damu yao ina kingamwili bila kuwa na virusi, nao ni walioshiriki majaribio ya chanjo. Uganda ilikuwa mwenyeji wa jaribio la kwanza la chanjo ya VVU barani Afrika mwaka 1999, na mengine yamefuata huko Entebbe na Masaka. Aliyeshiriki anapaswa kupimwa na timu ya utafiti yenyewe, kwa kipimo cha virusi.

Kabla ya kuanza dawa, mtu aliyethibitishwa hupimwa upya kwa damu nyingine, na ikiwezekana na mhudumu mwingine, ili kuondoa kosa la kubadilisha majina au kaseti. Kurudia huko hakumaanishi kuna shaka nawe. Dawa huanza mapema, mara nyingi siku hiyohiyo, bila kusubiri mwili udhoofike.

Mama na mtoto

Mjamzito hupimwa kliniki mara ya kwanza, na akiwa hasi hupimwa tena karibu na kujifungua na wakati wa kunyonyesha, kwa kuwa maambukizi mapya katika miezi hiyo ni ya hatari sana kwa mtoto.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hawezi kupimwa kwa kingamwili na kupata jibu la maana, kwa sababu kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na huweza kubaki katika damu yake hadi miezi 18. Akipimwa kwa kidole akiwa na miezi mitatu na kuonekana chanya, kinachoonekana kinaweza kuwa ni mama yake. Yeye huhitaji kipimo cha PCR kinachotafuta virusi vyenyewe. Nchini Uganda cha kwanza hufanywa akiwa na wiki nne hadi sita, kingine akiwa na miezi tisa, kingine wiki sita baada ya kuacha kunyonya, na kipimo cha haraka hufunga hesabu akiwa na miezi 18. Damu huchukuliwa kisiginoni, hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kusafirishwa kwa pikipiki hadi vituo vya kukusanyia sampuli, kisha hadi maabara kuu ya afya ya umma iliyoko Butabika. Mama asiache kurudi kwa sababu PCR ya kwanza ilikuwa hasi. Maziwa yanaendelea kunyonywa, na jibu la mwisho halipo hadi kunyonya kukome na kipimo cha mwisho kifanyike.

Mambo ambayo watu huyatumia badala ya kipimo

Majibu ya mwenza si majibu yako. Katika ndoa nyingi nchini mmoja ana virusi na mwingine hana, hata baada ya miaka mingi, na mume anayesema "mke wangu alipimwa kliniki, basi na mimi niko salama" amepimisha damu ya mtu mwingine. Katika ndoa kama hizo, asiye na virusi aendelee kupimwa kwa ratiba, ingawa mwenza anayemeza dawa vizuri na ambaye wingi wa virusi vyake umeshuka hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi kwa ngono.

Kuchangia damu si njia ya kupima. Damu yote inayokusanywa hupimwa, lakini mchangiaji aliye ndani ya dirisha anaweza kupita, na mwenye kulipa ni mgonjwa aliyeongezewa damu hiyo. Mwenye tukio la karibuni asichangie, basi.

Wachumba wanaotakiwa kuleta karatasi ya majibu kabla ya ndoa hupenda kupima wiki ya mwisho, pamoja na mambo ya keki na nguo. Ni afadhali wapime mara mbili: mapema, na tena baada ya miezi mitatu ambayo hapakuwa na tukio la nje. Karatasi moja ya wiki ya harusi inawatosha viongozi wa ibada kuliko inavyowatosha maharusi.

Na kwa anayesafiri, anayepima leo Mbale na kesho kutwa Mutukula, au mkimbizi anayehamishwa kutoka kituo cha mapokezi kwenda Kyangwali, mwombe mhudumu aandike kwenye karatasi jina la kipimo pamoja na tarehe, kisha wewe mwenyewe uandike nyuma yake, kwa alama unayoielewa peke yako, tarehe ya tukio la mwisho. Mhudumu atakayekupokea mbele hataweza kuisoma karatasi hiyo sawasawa bila tarehe hizo mbili.